Sungura Akipata Degedege: Hatua kwa Hatua kwa Mfugaji wa Nyumbani

"Sungura wangu ameanguka, anatupa miguu, shingo imemgeuka. Nimpe nini?" Swali hili huja kwa maneno yaleyale kila mara, na jibu la kwanza ni lilelile: usimpe kitu. Soma hatua hizi leo, sungura wako akiwa mzima na anatafuna nyasi zake, maana siku akianguka hutakuwa na utulivu wa kusoma chochote.

Degedege lenyewe mara nyingi huisha bila msaada wa mtu, ndani ya dakika moja au mbili. Kinachoua ni chanzo chake, yaani joto, sumu, kimelea cha ubongo na vinginevyo. Au kinachoua ni kile alichomiminiwa mdomoni na mwenye sungura kwa nia njema. Wewe kazi yako ni kuhakikisha hajiumizi, kuhesabu muda, kisha kumfikisha kwa daktari wa mifugo ukiwa na la kumweleza.

Vitu vya kuwa navyo kabla

- Simu yenye saa na kamera.
- Taulo mbili kuukuu, au khanga zilizochakaa.
- Katoni imara yenye matundu, sungura aweze kulala ndani akijinyoosha.
- Kipimajoto cha dijitali, kile cha kawaida cha duka la dawa, na mafuta ya mgando ya kupaka nchani.
- Mabomba ya sindano ya ml 1 na ml 10, bila sindano zake.
- Glavu za mpira.
- Mizani ya jikoni. Mpime sungura wako sasa uandike uzito wake mahali. Dawa zote za sungura hupigwa hesabu kwa kilo, na "ni mkubwamkubwa hivi" si uzito.
- Namba ya daktari wa mifugo. Mpigie kabla hujamhitaji, umuulize kama ameshatibu sungura. Wengi wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa. Aliye karibu na Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wa Nairobi wana ile ya chuo kikuu kule Kabete.

Utaona hakuna dawa kwenye orodha. Ni makusudi.

Kwanza, ni degedege kweli?

Degedege halisi lina sura yake. Sungura hukakamaa ghafla, huanguka ubavu, kichwa huvutwa nyuma, halafu miguu huanza kupiga kama anayekimbia akiwa amelala. Macho huwa wazi lakini hayakuoni. Anaweza kusaga meno, kutoa mate, kukojoa au kupiga ukelele mkali. Ukimwita hasikii. Likiisha, hubaki ameduwaa: anayumba, anajigonga ukutani, au anajificha pembeni asitake kuguswa.

Kuna mengine yanayowatisha wageni wa ufugaji na wala si ugonjwa:

Dume akimaliza kumpanda jike huanguka chali au ubavu, pengine na kilio. Hapo ameshamaliza kazi. Baada ya sekunde chache anainuka. Sungura mwenye furaha huruka juu akijikunja hewani kama aliyechomwa na kitu. Akilala usingizi mzito, masharubu na miguu hutikisika, ila ukigonga banda huamka mara moja. Sungura weupe wenye macho mekundu huyumbisha kichwa kulia na kushoto polepole wanapotazama kitu, kwa sababu macho yao hayaoni vizuri. Na wale wanaojitupa ubavu ghafla "pu!" wakati wa kupumzika wamewapa watu wengi presha bure.

Lakini lipo moja linalofanana na degedege na ni ugonjwa: sungura anabiringika. Shingo imepinda upande mmoja, macho yanacheza haraka kulia na kushoto, naye anajiviringisha sakafuni bila kuweza kusimama. Huyu fahamu anazo, ila mizani ya mwili imepotea. Mara nyingi ni maambukizi ya sikio la ndani au kimelea cha ubongo. Naye apelekwe kwa daktari, tena leo.

Kabla hujamgusa

Je, ameumwa na mbwa, paka au mnyama wa porini katika miezi ya karibuni? Kama ndiyo, au kama hujui na ana jeraha, usimshike kwa mikono mitupu. Kichaa cha mbwa kwa sungura ni nadra, lakini kwetu huku mbwa wasiochanjwa ni wengi, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba. Mfunike kwa katoni, watoto wakae mbali, piga simu kwa daktari au afisa mifugo. Aliyekwisha kung'atwa au kuparuzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Hatua zenyewe

1. Tazama saa. Kabla ya yote. Sekunde 40 huonekana kama dakika kumi kwa mtu aliyeshtuka, na daktari atauliza muda kabla hajauliza jina la sungura. Likipita dakika 5, au likiisha na jingine likaanza kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura: mwingize kwenye katoni uondoke naye hapohapo.

2. Ondoa vya kumuumiza. Toa bakuli la maji, chombo cha chakula, vipande vya mbao. Watoe sungura wenzake. Kama yuko kwenye banda la ghorofa, ziba mlango asidondoke. Sukumia taulo zilizokunjwa pande zote, kati yake na waya.

3. Usimkandamize. Mifupa ya sungura ni myepesi mno ukilinganisha na nguvu ya misuli ya miguu yake ya nyuma. Ukimbana naye anapiga mateke, anaweza kuvunja uti wa mgongo mikononi mwako. Ukilazimika kumsogeza, kwa mfano yuko juani, mtelezeshe juu ya taulo.

4. Usitie kitu mdomoni. Si kidole, si kijiko, si maji, si maziwa. Ulimi hawezi kuumeza. Maji utakayomimina yataingia kwenye mapafu.

5. Punguza mwanga na kelele. Funika banda kwa khanga, ila hewa ipite. Zima redio. Waambie watoto watoke.

6. Rekodi video. Sekunde 30 zinatosha, mwili mzima uonekane, halafu sogea karibu na macho. Video hiyo ina thamani kuliko maelezo yako yote, maana utakapofika kwa daktari sungura atakuwa amekaa kimya kama hakuna kilichotokea.

7. Likiisha, mwache. Kwa dakika 10 hadi 15 usimbebe wala usimbembeleze. Kaa pembeni umtazame anavyopumua. Akijaribu kuinuka na kuanguka, kinga za taulo zibaki palepale.

8. Pima joto la mwili, kama ametulia na mko wawili. Mmoja amweke mapajani, mgongo umeegemezwa tumboni kwake na miguu ya nyuma imeshikiliwa vizuri. Mwingine apake mafuta nchani mwa kipimajoto na kukiingiza njia ya haja kubwa kwa sentimita moja au mbili tu. Joto la kawaida la sungura ni nyuzi 38.5 hadi 40. Likizidi 40.5, nenda kwenye sehemu ya joto hapa chini. Likiwa chini ya 38, anaishiwa: weka pembeni yake chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye kitambaa, na uondoke kwenda kwa daktari. Akikataa kupimwa, acha. Kupigana naye ni hasara kuliko kukosa namba.

9. Kagua. Ana jeraha? Masikio yana magamba? Shingo imepinda? Mboni za macho zimebana kama ncha ya kalamu? Manyoya ya kidevuni yamelowa mate? Nini kimebadilika tangu juzi: majani mapya, dawa ya viroboto, rangi mpya ya banda, mtu kapulizia mbu chumbani? Andika yote.

10. Mpe chakula akiwa na fahamu kamili tu. Kipimo chake ni rahisi: akae mwenyewe wima, afuate kidole chako kwa macho, na akilambishwa tone moja la maji kwenye mdomo alimeze. Hapo mwekee nyasi kavu na maji kwenye bakuli bapa, badala ya chupa ya kuning'inia, kwani kichwa chake bado hakijatulia.

11. Nenda kwa daktari hata akionekana amepona. Katoni, taulo chini ili asiteleze, mfuniko wenye matundu. Kwenye bodaboda katoni ikae mapajani mwa abiria, usiifunge kwenye keria. Asibebwe kwenye kiroba wala mfuko wa plastiki. Kama ana mwenzake waliyezoeana sana, waweza kumchukua na huyo mwenzake, hutulia zaidi. Beba pia kopo la dawa yoyote aliyopewa na kitawi cha majani aliyokula.

Kama chanzo ni joto

Hii ndiyo hali unayoweza kuisaidia mwenyewe kabla ya daktari, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Sungura hatoi jasho la maana, na kuhema hakumsaidii kama kunavyomsaidia mbwa. Joto la mwili wake hutoka kupitia masikio. Banda chini ya bati, saa nane mchana, Januari ya Dar es Salaam au Mombasa, ni tanuri. Hali ya hewa ikipita nyuzi 28 au 30 sungura ameanza kuteseka, na wanene, wenye mimba na wenye manyoya marefu hutangulia. Kabla ya degedege huwa amejinyoosha chini, anahema mdomo wazi, pua imelowa, masikio ni moto na mishipa yake imetuna.

Mtoe kivulini, mahali penye upepo. Lowesha kitambaa kwa maji ya kawaida ya bomba, ufute masikio nje na ndani ya kingo zake, na nyayo. Usiruhusu maji yaingie tundu la sikio. Washa feni isimpulize moja kwa moja usoni. Pima joto kila baada ya dakika 5, na likifika 39.5 acha kupoza, kwa sababu litaendelea kushuka lenyewe. Usimtumbukize kwenye ndoo, na barafu usiiweke mwilini: mshtuko wa baridi hubana mishipa, joto likabaki ndani, na moyo ukasimama.

Vyanzo vingine, kwa ufupi

*Kimelea cha ubongo.* Kinaitwa Encephalitozoon cuniculi. Huenea kwa mkojo wa sungura mwenye nacho, na mama humpa mtoto tumboni. Wengi hukaa nacho miaka bila dalili. Kikiamka huleta shingo kupinda, miguu ya nyuma kulegea, jicho kuwa na doa jeupe, na degedege. Dawa ambayo madaktari huitumia sana ni fenbendazoli, kila siku kwa siku 28. Usiache siku ya saba eti ameanza kula. Banda lioshwe kwa maji ya moto na dawa ya klorini, na mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili asiwe ndiye anayesafisha.

*Sumu na dawa za dukani.* Hapa ndipo sungura wengi hupotea bila sababu. Fipronili, ile dawa ya viroboto vya mbwa na paka, isimguse sungura kabisa. Humletea degedege, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kupakwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe nayo vivyo hivyo. Mchicha au sukuma wiki uliopuliziwa dawa juzi ukanunuliwa leo unatosha kumwangusha sungura wa kilo mbili: mate kumwagika, mboni kubana, misuli kurukaruka.

Ivamektini ni tofauti kidogo, kwa sababu ni dawa halali ya ukurutu wa sungura, ila watu huizidisha. Fanya hesabu uone. Ile ya asilimia 1 ina mg 10 katika kila ml. Kipimo cha kawaida ni mg 0.2 hadi 0.4 kwa kilo. Sungura wa kilo 2 basi anahitaji ml 0.04 hadi 0.08, yaani haifiki hata sehemu ya kumi ya ml moja. Kwenye bomba la ml 5 huwezi hata kuiona. Muuzaji anayekuambia "mpige nusu" anazungumzia mbuzi.

*Jike mwenye mimba.* Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Jike mnene anayeacha kula wiki ya mwisho, au mara tu baada ya kuzaa, akawa mlegevu na pumzi yake inanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, damu yake imechafuka kwa kuchoma mafuta ya mwili. Degedege kwake ni dalili ya mwisho. Usingoje asubuhi.

*Kurithi.* Baadhi ya sungura weupe wenye macho ya bluu huzaliwa na kifafa. Wasizalishwe.

Makosa yanayorudiwa

Kumpa maziwa "yaue sumu". Hayaui sumu yoyote, na tumbo la sungura mkubwa halikuumbwa kwa maziwa.

Kumlazimisha atapike. Sungura hawezi kutapika, maumbile yake hayaruhusu. Maji ya chumvi yatamwongezea ugonjwa tu.

Kumpa amoksilini au ampisilini ya watoto iliyobaki nyumbani. Dawa hizo zikipita mdomoni huua bakteria wazuri wa utumbo wake, akaharisha na kufa siku chache baadaye, na watu wakadhani ni lile degedege limerudi.

Kumnusisha kitunguu au moshi. Pua yake ni nyepesi kuliko unavyodhani.

Kumwogopa. Kuna wanaomtenga sungura kwa kuamini kwamba povu la kifafa huambukiza. Kifafa hakiambukizi, kwa sungura wala kwa binadamu. Glavu ni kwa ajili ya vimelea na kung'atwa.

Ukikwama

*Amerudia tena siku hiyohiyo.* Mawili au zaidi ndani ya saa 24 ni dharura, hata kama kila moja lilikuwa fupi. Daktari ana diazepamu au midazolamu ya kulikata. Usitafute hizo mwenyewe.

*Degedege limeisha ila hataki kula.* Saa 12 bila kula na bila kunya, utumbo umeanza kusimama, na hilo pekee linaweza kumuua. Mpigie daktari. Akikuruhusu kumlisha, saga chakula chake cha peleti kwa maji kiwe uji laini, ingiza bomba la ml 10 pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele, umpe kidogo kidogo na umsubiri ameze. Usimlaze chali.

*Ameanguka zaidi ya mmoja.* Fikiria joto, sumu kwenye majani ya pamoja, au homa ya virusi inayovujisha damu, ile iliyothibitishwa Nigeria mwaka 2020. Ukiona vifo vya ghafla na damu puani, usiuze wala kuhamisha sungura yeyote, na mwite afisa mifugo. Majani yote ya siku hiyo yatupwe mbali na mifugo mingine.

*Miguu ya nyuma inaburuzika baada ya kuanguka.* Huenda mgongo umeumia. Mtelezeshe juu ya ubao au kadibodi ngumu, usimnyanyue kwa kiwiliwili.

*Daktari yuko mbali au hajui sungura.* Mtumie video, uzito, joto la mwili na saa lilipoanza. Mkumbushe wazi kwamba ni sungura kabla hajataja antibaiotiki yoyote ya kunywa, na umwombe ampigie mwenzake wa hospitali ya chuo.

*Hurudi kila baada ya wiki kadhaa.* Weka daftari: tarehe, saa, muda, alichokula, hali ya hewa. Kuna dawa za kifafa anazoweza kupewa kila siku, lakini daktari hataanza kabla ya kuona mpangilio huo.

*Amekufa.* Asiliwe, hata kama alikuwa wa kitoweo, na mbwa wasipewe. Ukitaka kujua sababu, mfunge kwenye mifuko miwili, mweke mahali pa baridi bila kumgandisha, na umfikishe maabara ya mifugo ndani ya siku moja. Kama hutaki, mzike kwa kina, mbwa wasifukue, kisha rudi kwenye banda uanze na wale waliobaki: maji, kivuli, na majani waliyokula.